Namba ya shule inampima nani? Georgia na kwetu

Ukitafuta nyumba Marekani kupitia tovuti ya Zillow, chini ya picha za jiko na vyumba utakuta orodha ya shule za eneo hilo, na kando ya kila shule kuna namba kati ya 1 na 10. Namba hiyo hutolewa na shirika la GreatSchools, na sehemu kubwa yake inatokana na mtihani wa jimbo. Huku Marekani mtoto kwa kawaida anaandikishwa shule ya serikali kwa kufuata anwani ya nyumbani, kwa hiyo nyumba iliyo ndani ya mpaka wa shule yenye 9 inakuwa ghali. Mwenye mshahara mdogo anapanga kwenye 2 au 3. Msimu wa mtihani ukifika, watoto wa waliomudu kuhama wanapimwa kule, na wa wasiomudu wanapimwa huku, kisha tunaambiwa shule ipi ni nzuri.

Naishi kaunti ya DeKalb, mashariki ya Atlanta, jimbo la Georgia, na jambo hili linaniumiza kila mwaka ninapoona Watanzania na Wakenya wenzangu wakiikimbia shule ambayo hawajawahi kukanyaga.

Mtihani wenyewe wa jimbo unaitwa Georgia Milestones. Sheria ya shirikisho inataka kila jimbo lipime kusoma na Hisabati kila mwaka, kuanzia darasa la tatu hadi la nane, na angalau asilimia 95 ya wanafunzi washiriki. Matokeo lazima yachambuliwe kwa makundi: rangi, kipato, ulemavu, wanaojifunza Kiingereza. Kipengele hiki nakiheshimu sana, maana shule haiwezi kuwaficha watoto wake wanyonge nyuma ya wastani mzuri. Matokeo ya mtoto mmoja mmoja ni siri ya mzazi na shule. Hakuna karatasi inayobandikwa ukutani watu wakasogeza vidole kutafuta majina.

Ripoti inayokuja nyumbani ina ngazi nne: anayeanza, anayekua, aliyefikia kiwango, aliyebobea. Ina pia kipimo cha usomaji kinachoitwa Lexile, kinachokusaidia kuchagua vitabu vya maktaba vinavyomfaa mtoto. Asiposoma kwa kiwango darasa la tatu, sheria ya Georgia inaruhusu arudie darasa, lakini kwanza anapewa nafasi ya kufanya mtihani tena, na mzazi anaweza kukata rufaa akaketi na mwalimu na mkuu wa shule kuamua. Mtoto wa miaka minane hafungiwi mlango kwa siku moja mbaya.

Mji wa Clarkston, humu humu DeKalb, umepokea wakimbizi kwa miongo mingi, na siku hizi Kiswahili cha Kongo utakisikia dukani na kituo cha basi. Kuna mama mmoja kutoka Uvira, Kongo, niliyemsaidia kusoma ripoti ya mwanawe. Mgeni asiyetimiza mwaka mmoja katika shule za Marekani anaweza kusamehewa mtihani wa kusoma, ila Hisabati anafanya, tena maswali mengi ni hadithi ndefu za Kiingereza. Kijana huyu muda wa msamaha ulishampita. Mama aliweka kidole juu ya ngazi ya chini kabisa akaniuliza, “Dada, njo kusema mutoto hana akili?” Nikamwomba tutazame madaftari. La mwanzoni mwa mwaka lilikuwa na maneno matatu matatu yaliyonakiliwa ubaoni. La mwezi wa nne lilikuwa na aya nzima kuhusu Ziwa Tanganyika, imeandikwa na yeye, makosa ya tahajia yakiwemo, na mwalimu amejibu pembeni kila sentensi. Shule iliyofanya kazi hiyo ndiyo ile ambayo tovuti ya nyumba imeipa namba ya kukimbiwa.

Tena Atlanta inajua namba zikibebeshwa mzigo mkubwa zinafanya nini. Mwaka 2009 mkuu wa shule za jiji, Beverly Hall, alitunukiwa kuwa kiongozi bora wa elimu wa mwaka kitaifa, kwa sababu matokeo yalikuwa yanapanda. Kumbe karatasi za majibu zilikuwa na kufutwa kwingi mno, jibu lililokosewa likigeuka kuwa sahihi. Uchunguzi wa jimbo uliotolewa 2011 ulikuta udanganyifu katika shule 44 kati ya 56 zilizochunguzwa, ukawataja walimu na wakuu wa shule 178. Mwaka 2015 mahakama iliwatia hatiani 11. Mtoto aliyefutiwa jibu alipelekwa mbele bila msaada aliouhitaji, kwa kuwa karatasi ilisema anajua.

Nyumbani Tanzania mzigo umekaa mahali pengine: shingoni mwa mtoto. Siku mbili za mtihani wa darasa la saba, mwezi Septemba, zinaamua kama miaka saba imezaa kidato cha kwanza. Ndiyo maana kuna mitihani ya majaribio (moko), masomo ya ziada alfajiri, na kambi ambako watoto wa miaka 13 wanalala madarasani kwa wiki kadhaa.

Tulipojaribu kuihamishia shule sehemu ya mzigo huo, tuliumia. Waliofaulu darasa la saba mwaka 2012 walikuwa kiasi cha asilimia 31 tu. Mwaka uliofuata ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, shule zikapangwa nafasi kitaifa na kiwilaya, zikapewa rangi ya kijani, njano au nyekundu. Ufaulu ukapanda hadi asilimia 51 mwaka 2013, na ukaendelea kupanda. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin wakazifuatilia shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao. Walikuta kwamba alama zilipanda kweli, lakini pia watahiniwa walipungua. Kuna watoto ambao hawakuufikia mtihani. Hili linanichoma kuliko habari ya Atlanta, kwa sababu mtoto aliyefutiwa jibu alibaki shuleni.

Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilitangaza kwamba halitataja tena shule bora na wanafunzi bora. Wengi walilalamika, hasa wenye shule binafsi zilizozoea kuweka mabango barabarani. Mimi niliunga mkono na bado naunga mkono. Orodha ya kumi bora ilikuwa ikizipongeza shule zinazochuja watoto mlangoni kwa usaili na ada. Shule ya kata ya ndani inayopokea kila anayekuja, darasa moja watoto 100, haikuwa na namna ya kuonekana.

Sasa Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inataka elimu ya lazima iwe ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Chujio la katikati likiondoka, tutahitaji kuamua upimaji wa shule ya msingi unabaki kwa kazi gani. Ombi langu ni moja. Mtoto anasajiliwa kwenye PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa namba inayomfuata, tena anafanya upimaji wa darasa la nne, kwa hiyo NECTA inaweza kuona alikoanzia na alikofika. Ichapishe, kando ya wastani wa kila shule, watoto wake wamepanda kiasi gani tangu darasa la nne, na wangapi walioandikishwa hawakufika mwisho. Mzazi wa Kilosa ataweza kuona kama shule ya kijijini kwake inawainua watoto kuliko ile ya mjini inayopokea waliokwisha kujua kusoma, na mwalimu mkuu wa shule hiyo ya kijijini atakuwa na kitu cha kuweka mezani halmashauri anapoomba mwalimu wa pili wa Hisabati.