Petroli inayorudi: injini ya EFI ndani ya gari la kabureta

Waliozoea habari za programu na seva wanivumilie leo, maana wiki tatu hizi jioni zangu zote zimepita chini ya gari, hapa Kilindini, nikishika tochi na spana namba kumi. Nilichokiona huko chini ni kazi yetu ileile, ila hapa mambo yakienda kombo huoni ujumbe kwenye kioo. Unaona moto.

Gari ni Corolla EE90 ya ami yangu, lenye injini ya 2E ya kabureta, cc 1,295. Kila asubuhi linavuka Likoni na watoto watatu wa dada yangu kwenye kiti cha nyuma. Anayeijua foleni ya feri mwezi wa Februari ameshaelewa shida. Unazima injini, joto lake linapanda juu, petroli iliyomo kwenye kabureta inachemka. Feri ikifunguliwa, gari haliwaki. Honi nyuma, jua kichwani, ami kwenye mlango anasukuma.

Ndipo akanunua 4E-FE, cc 1,331, iliyotumika Japani. Kukaa inakaa vizuri, ni ukoo mmoja na ile ya zamani. Kazi iko kwenye mafuta.

Kabureta ni kama tangi la choo: lina boya, likijaa boya linafunga mlango. Pampu yake inaendeshwa na kamshafti na inatoa pauni tatu hadi tano tu kwa inchi mraba. Injekta haina boya. Ni mlango mdogo wa umeme ambao kompyuta ya injini inaufungua kwa milisekunde chache, basi. Kompyuta haipimi petroli iliyopita, inahesabu muda. Hesabu yake yote imejengwa juu ya imani kwamba presha nyuma ya ule mlango ni ile ya kiwandani, na kwa Toyota za aina hii ni pauni 38 hadi 44. Presha ikiwa maradufu, petroli inaongezeka kama asilimia 41 (kipeuo cha pili cha 2, kwa waliosahau hesabu). Sensa ya moshi inaweza kurekebisha kidogo, si kiasi hicho.

Anayeishika presha ni reguleta, kikopo kidogo cha chuma mwisho wa reli ya injekta. Ndani mna kiwambo cha mpira, petroli upande mmoja, springi upande wa pili. Presha ikiishinda springi, kiwambo kinasogea na petroli ya ziada inarudi tangini. Upande wa springi kuna kimpira chembamba kinachokwenda kwenye manifoldi ya hewa. Injini ikinguruma taratibu, mvuto wa manifoldi unaishusha presha kama pauni tisa au kumi, ukikanyaga, inapanda. Tofauti baina ya reli na manifoldi haibadiliki. Hakuna msimbo, hakuna hata umeme. Nimeona programu za mistari mia nne zinazofanya kazi ya namna hii na kuifanya vibaya zaidi.

Sasa fundi. Ni mzee ambaye alikuwa akifungua kabureta kabla mimi sijazaliwa, na sisemi hivyo kwa kumdharau. Alipoiona ile paipu ya kurudi akasema, "Mwanangu, hii tuizibe. Petroli umeinunua ghali, wairudisha ya nini?"

"Mzee, tukiiziba reguleta haina pa kumwaga."

Akacheka. Maneno ya kijana wa kompyuta hayana uzito gereji, na ni haki yake. Nikaomba tufunge geji. Pampu tukaiwasha injini ikiwa imezimwa, sindano ikatulia kwenye 42. Kisha nikaubana mpira wa kurudi kwa koleo, sekunde mbili tu. Sindano ikapita 70. Mzee mwenyewe ndiye aliyenipiga mkono niachie. "Subhanallah. Na hii inapita chini ya watoto?"

Inapita chini ya watoto, ndiyo. Katika gari hili tangi liko chini ya kiti cha nyuma.

Kuanzia hapo yeye akawa mkali kuliko mimi. Akazipuliza paipu za zamani, zikatoa kutu nyekundu kama ubuyu. Upepo wa bahari hausamehe chuma. Akakataa kuzitumia hata kipande. Tukaweka mpya, ya kupeleka milimita 8, na ya kurudi ambayo zamani ilikuwa 6 akataka nayo iwe 8, ili petroli isipate kizuizi njiani na kuipandisha presha kinyemela. Hilo silo nililofikiria mimi. Pampu pia akaishusha karibu na tangi, chini kabisa, kwa sababu "pampu yapenda kusukuma, haipendi kunyonya." Filta moja kabla yake, nyingine baada yake. Tangi la kabureta halina kuta za ndani za kuzuia petroli isikimbilie upande mmoja kwenye kona, kwa hiyo ami ameambiwa asiliache lishuke chini ya robo. Amenuna kidogo.

Mipira ndiyo ilinitembeza zaidi. Madukani unapewa mpira wowote mweusi na kuambiwa ni wa petroli. Soma maandishi yake. Ule wa 30R7 ni wa kabureta, umepimwa kwa pauni 50, na kwa presha yetu na joto letu nafasi inayobaki ni ndogo mno. Ule wa 30R9 umepimwa kwa 100. Klipu nazo chukua zile za kuzunguka pande zote zenye kingo zilizokunjwa, maana zile za matundu zinautafuna mpira polepole.

Na umeme wa pampu. Kuna aliyepita akashauri tuuchukue moja kwa moja kwenye swichi ya ufunguo. Tukakataa. Toyota imeweka rilei ambayo haiiachii pampu mpaka injini iwe inazunguka, kwa hiyo gari likigongwa injini ikazima, pampu nayo inazima. Ukiruka rilei hiyo umeifundisha gari kumwaga petroli juu ya ajali.

Tumejaribu usiku mzima: pampu imezimwa, geji imefungwa, gazeti kavu limetandazwa chini ya kila kiungo. Alfajiri gazeti lilikuwa kavu na sindano imeshuka kidogo tu. Injini inanguruma kwenye 33. Kimpira cha manifoldi kikitolewa inarudi 42.

Jumanne tulivuka Likoni saa saba mchana. Tulizima dakika arubaini kwenye foleni, likawaka mara ya kwanza. Petroli iliyo kwenye presha haichemki upesi, na ile inayozunguka kwenda na kurudi inabeba joto hadi tangini. Watoto bado wanakwenda shule kwa matatu. Mzee anataka afungue kiti cha nyuma mara moja zaidi Jumamosi, anuse. Ami naye anaingia eCitizen wiki ijayo kuibadilisha namba ya injini kwenye rekodi za NTSA.