Mlinzi wa Pumzi

Kuuguza ni kazi ya zamani kama maradhi yenyewe. Kabla ya kuwapo hospitali, mama alikesha kando ya mwanawe, na binti kando ya babaye, wakisikiliza pumzi gizani. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi mkesha huo umepewa chumba chake, vyombo vyake, na mtu aliyeusomea. Chumba hicho huitwa cha wagonjwa mahututi. Wengine hukiita cha uangalizi maalumu. Katika majina haya mawili, la pili ndilo lenye fundisho, kwa kuwa halitaji ugonjwa wala mashine. Lataja kuangalia.

Muuguzi mpya apelekwapo Karatu, aghalabu hulifikiri jina la kwanza. Amemaliza chuo, sare yake ingali na mikunjo ya dukani, na moyoni mwake ana hofu ya mashine na hofu ya mauti. Mji wenyewe uko juu, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kati ya mashamba ya ngano, mahindi na mbaazi yenye udongo mwekundu. Nyuma yake umesimama ukingo wa kreta ya Ngorongoro, upatao mita 2,300, ambao asubuhi nyingi hufunikwa na ukungu. Mzaliwa wa Pwani afikapo huko mwezi wa Julai hutetemeka kwa baridi kabla hajatetemeka kwa kazi.

Wagonjwa waletwao ni wa namna nyingi. Wapo Wairaqw wakulima, Wamaasai wafugaji kutoka upande wa hifadhi, Wadatoga, na Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi. Wapo pia madereva na wageni wa barabara ile iendayo mbugani. Mmoja huletwa kwa gari la wagonjwa, mwingine kwa pikipiki, amebanwa kati ya dereva na ndugu yake asianguke. Kichomi cha watoto, kifafa cha mimba, kuumwa na nyoka na majeraha ya barabarani ni miongoni mwa mambo yawaletayo. Hospitali ndogo isiyo na chumba maalumu huwalaza walio hoi katika kitanda kilicho karibu na meza ya muuguzi. Mpango huo si wa kudharauliwa, kwani kitanda hicho kimewekwa mahali jicho linapofika upesi.

Chukua usiku wa muuguzi mmoja, mfano wa wengi. Mbele yake amelala mama kijana wa Kimaasai, aliyejifungua jioni baada ya kushikwa na kifafa cha mimba. Dawa yake ni sindano ya magnesiamu salfeti, inayorudiwa kila baada ya saa 4. Dawa hiyo huzuia degedege lisirudi, lakini ikizidi mwilini hulegeza misuli mpaka ile ya kuvutia hewa. Kwa hiyo kabla ya kila sindano mambo matatu hutazamwa: pumzi zisiwe chini ya 16 kwa dakika, goti likigongwa mguu uruke, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Chuoni muuguzi aliyajibu haya katika mtihani na akapata alama zake. Sasa saa 9 ya usiku imefika, na sindano imo mkononi.

Akahesabu pumzi kwa dakika nzima, akapata 12. Akahesabu tena, akapata 12. Akagonga goti kwa nyundo ndogo ya mpira. Mguu ukatulia kama wa mtu mwingine. Mfuko wa mkojo nao ulikuwa karibu mtupu. Akairudisha sindano mezani. Mama mkwe wa mgonjwa, aliyekaa sakafuni na shuka lake begani, alikiona kitendo hicho, akadhani mkwewe ananyimwa dawa. Akasema maneno mengi kwa Kimaasai. Muuguzi alijua “takwenya” na “yeyo” tu, na kwa maneno mawili hawezi mtu kueleza jambo kama lile.

Kilichobaki ni kumwita daktari, na hapo ndipo penye uzito kwa aliye mgeni kazini. Daktari alikuwa ametoka katika upasuaji saa moja tu iliyopita. Muuguzi akamwendea mwenziwe mkubwa, aliyekuwa zamu upande wa pili wa wodi.

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba, mwanangu. Kuna nini?”

“Mama wa kitanda cha kwanza, pumzi zake ni 12, na goti haliruki. Sindano nimeizuia. Nachelea kumwamsha daktari, nisije nikamwudhi bure.”

“Hasira yake itakwisha kesho. Huyu mama pumzi zikikwisha hazirudi. Mpigie, umtajie hesabu kama ulivyonitajia mimi.”

Daktari akaja, akaagiza dawa ya kuizimua ile ya kwanza, kalsiamu glukoneti, nayo ikatiwa mshipani taratibu. Muuguzi akapewa amri ya kukaa kitandani pale na kuhesabu. Alihesabu mpaka majogoo yakawika. Pumzi zikapanda hadi 14, hadi 16, hadi 18. Asubuhi akaja mfagiaji wa wodi ajuaye Kimaasai, akamfafanulia yule bibi kwa nini sindano ilirudishwa mezani. Bibi akamtazama muuguzi kwa muda mrefu, kisha akaomba maji ya kunawa.

Tukio kama hili halina mashine kubwa ndani yake. Lina saa ya ukutani, nyundo, macho mawili, na ulimi uliothubutu kusema. Kati ya vitu hivyo, ulimi ndio mgumu kuupata. Muuguzi mpya amelelewa katika adabu ya kutomsumbua mkubwa, na adabu hiyo ni pambo zuri nyumbani. Kando ya kitanda cha mahututi yaweza kuua. Heshima ya kweli kwa daktari ni kumpa habari wakati habari ingali na faida.

Asili ya vyumba hivi inathibitisha neno hilo. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, huko Denmark, ulipatwa na mlipuko wa polio iliyowapooza watu hata misuli ya kuvutia hewa. Mashine za kupumulia zilikuwa chache mno. Daktari Bjørn Ibsen akashauri hewa isukumwe mapafuni kwa mkono, kwa mfuko wa mpira, kupitia tundu lililotobolewa kooni. Wanafunzi wapatao 1,500 wakaitwa kwa zamu, wakakaa kando ya vitanda wakiminya mifuko hiyo mchana na usiku, na vifo vikapungua sana. Mwaka uliofuata Ibsen akafungua chumba cha kuwaangalia walio hatarini. Mikono ya vijana, basi, ilitangulia mashine.

Tanzania nayo ina ushahidi wake. Katika chumba cha mahututi cha Muhimbili, Dar es Salaam, wauguzi na madaktari waliwekewa utaratibu mwepesi wa kutambua vipimo vya hatari na kutenda jambo papo hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba matibabu ya haraka yaliongezeka, na vifo vya walioingia na presha ya chini vilipungua. Mwaka 2021 Serikali ilipata mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa ajili ya mapambano na athari za UVIKO-19, na sehemu yake ikatumika kujenga vyumba vya mahututi na kuongeza oksijeni. Hiyo ilikuwa neema. Lakini kuta huinuka kwa miezi, na jicho la muuguzi hukomaa kwa miaka.

Wala isidhaniwe kwamba jicho likiwa kali mauti hukimbia. Karatu inalijua hilo kuliko miji mingi. Tarehe 6 Mei 2017, huko Rhotia, basi dogo la Shule ya Msingi Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni wakati wanafunzi wakienda Karatu kufanya mtihani wa kujipima. Walikufa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Wasafiri watatu Wamarekani, waliokuwa na maarifa ya tiba, walifika pale na kusaidia, na watoto watatu wakakutwa wangali hai. Watoto hao walitibiwa Arusha katika Hospitali ya Mount Meru, kisha wakapelekwa Sioux City, Marekani, wakarejea nyumbani mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Siku kama ile, wauguzi walio wengi hawakuwa na pumzi za kuhesabu. Kazi iliyowabakia ilikuwa kuosha, kufunika, na kusimama na wazazi.

Kazi hii ya pili haina alama katika mtihani, nayo muuguzi mpya huiogopa kuliko ya kwanza. Hata hivyo zote mbili zatoka katika chemchemi moja. Aliyemtazama mgonjwa kwa saa nyingi aweza kumwambia mamaye kwa haki: “Hakuwa peke yake.” Asiyemtazama hana la kusema.

Ndiyo sababu, baada ya miezi, hofu ya mashine humwondoka muuguzi, na hofu ya mauti humpungua bila kumwisha. Wala si vizuri imwishe. Badala yake huja mazoea ya kuketi, kushika saa, na kuhesabu dakika nzima bila kukata njiani ili kuzidisha kwa mbili. Kisha huandika tarakimu katika chati, na ikiwa mbaya, huinuka na kusema.