Kutoka Goma hata Vitshumbi

Msafiri aondokaye Goma kushika njia ya Rutshuru hukanyaga mawe meusi kabla ya kukanyaga udongo. Mji wote umekaa juu ya mawe hayo. Mlima wa Nyiragongo, ulio upande wa kushoto wa njia, uliyatapika mwaka 1977, tena 2002, tena 2021, na mara nyingine nyingi za zamani ambazo hakuna aliyeziandika. Watu wa Goma huyapasua, huyachonga, hujengea kuta, wala hawayaogopi. Lakini yana tabia mbili ambazo mgeni hazioni upesi. Hayachimbiki kwa jembe. Tena mvua ikiyanyeshea, maji huzama papo hapo, hata mtu aweza kutembea saa nzima katika nchi hii ya mvua nyingi asikute kijito.

Wapenzi wasomaji, tumeanza na mawe kwa sababu asiyeyajua hawezi kufahamu yaliyotokea hapa mwezi wa Julai 1994.

Wakati huo vita vya Rwanda vilikuwa vinakwisha. Watutsi kwa mamia ya maelfu walikuwa wameuawa tangu mwezi wa Aprili, na serikali iliyosimamia mauaji hayo ilikuwa inakimbia, ikisukuma umati wa watu mbele yake. Tangu tarehe 14 hata 17 Julai, watu kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka wakaingia Goma. Walikuwamo mama na watoto wachanga. Walikuwamo pia wenye damu mikononi. Ugonjwa uliokuja haukuuliza nani ni nani.

Wengi walipelekwa Kibumba, kilometa 30 hivi kutoka mjini, chini ya milima ya Mikeno na Karisimbi. Ni mahali pa baridi, panapojulikana kwa kabichi na viazi. Wengine walipelekwa Katale, mbele zaidi, na wengine Mugunga, kando ya Ziwa Kivu. Kibumba hapakuwa na mto wala kisima. Maji yaliletwa kwa malori, nayo malori yalikuwa machache. Katika juma la kwanza, maji safi yaliyogawiwa, kama yangepimwa kwa kila mtu kwa siku, hayakufika hata robo ya lita. Wasaidizi wa wakimbizi leo huhesabu kwamba mtu mmoja ahitaji lita 15. Waliokuwa karibu na ziwa walikunywa ya ziwani, palepale walipooga na palepale walipojisaidia, kwa maana vyoo havikuweza kuchimbwa. Mawe yalikataa.

Tarehe 20 Julai waganga waliitambua kolera.

Yafaa wanafunzi wetu waujue ugonjwa huu jinsi unavyoua. Kijidudu chake huingia kwa maji au chakula kichafu, hukaa matumboni, na sumu yake hulazimisha matumbo kumwaga maji ya mwili. Mtu mzima aweza kupoteza lita nyingi kwa siku moja. Macho huingia ndani, sauti hukauka, na aliyekuwa mzima asubuhi aweza kufa jioni. Dawa yake ya kwanza si ghali: ni maji safi yenye chumvi na sukari kwa kipimo, mgonjwa anywe kadiri anavyopoteza, aliyezidiwa hutiwa maji katika mshipa. Akipata hayo kwa wakati, karibu kila mgonjwa hupona. Basi dawa ilikuwa maji, na maji ndiyo yaliyokosekana. Nyuma ya kolera kukaja kuhara damu, kukaua wengi waliosalia dhaifu.

Katika mwezi mmoja walikufa watu karibu 50,000. Maiti zililazwa kando ya njia hii tunayoipita, zimefungwa katika mikeka. Makaburi nayo yalishindikana kwa jembe. Wanajeshi wa Ufaransa walileta mashine za kupasulia mawe.

Mtu atasema: kwa nini hawakuchemsha maji? Kuchemsha kwataka kuni. Na kuni zilikuwa mahali pamoja tu, yaani katika Hifadhi ya Virunga, inayopakana na kambi. Hifadhi hiyo iliwekwa mwaka 1925, ya kwanza katika Afrika, kwa jina la Albert. Tuongeze kwamba wakimbizi waligawiwa maharage makavu, ambayo, kama kila mama ajuavyo, huhitaji moto wa saa nyingi. Kila siku makumi ya maelfu ya watu waliingia msituni na kutoka na mamia ya tani za miti. Kambi zilipofungwa mwaka 1996, zaidi ya kilometa mraba 100 za msitu zilikuwa zimekatwa, nyingine hata mizizi. Mwaka uleule wa 1994 hifadhi iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Hatuwezi kumlaumu mama aliyetafuta kuni za kupikia mtoto. Tunawalaumu waliomfikisha pale.

Wakimbizi walirudi kwao, au walitawanyika misituni katika vita vilivyofuata, lakini shoka halikurudi. Nyumba nyingi za Goma hupika kwa makaa, ambayo kwetu huitwa makala, na mengi yametoka ndani ya hifadhi. Makundi yenye silaha huyatoza ushuru, na ushuru hununua risasi. Askari wa hifadhi zaidi ya 200 wameuawa kwa kulinda miti na wanyama. Makao yao makuu, Rumangabo, yako palepale njiani.

Karibu na Rutshuru kuna kituo cha umeme cha Matebe, kilichofunguliwa mwaka 2015 ili mji upate moto usiotoka msituni. Ni kazi njema. Walakini mwezi wa Januari 2025, waasi wa M23 walipopigana hata wakaingia Goma, umeme ulikatika, mashine za kusukuma maji zikasimama, na watu wakashuka ziwani na bidoni zao, kama mwaka 1994.

Baada ya Kiwanja njia hushuka katika uwanda wa joto, na mwisho wake ni Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kwenye Ziwa Edward. Hapa msafiri hudhani ameiacha vita nyuma. Katika miaka ya 1970 viboko wa hifadhi walikaribia 30,000. Mwaka 2005 hawakufika 1,000, maana wenye bunduki waliwaua kwa nyama na meno. Kiboko hula majani nchi kavu usiku, makumi ya kilo, na mchana hutia samadi majini. Samadi hulisha vimelea vidogo vya maji, na hivyo huwalisha samaki. Viboko walipokwisha, wavuvi waliona nyavu zao zikiwa nyepesi. Twakiri kwamba mitumbwi pia imezidi kiasi, na nyavu za matundu madogo huvua samaki wachanga. Kosa si la risasi peke yake.

Viboko wameanza kuongezeka tena, hata kufika 1,200 hivi. Mwezi wa Aprili 2025 kimeta kiliwaua wasiopungua 50, pamoja na nyati, na mizoga ikaelea katika mto Ishasha kuelekea ziwani. Kuizika kulikuwa kazi ngumu, kwa kukosa mashine za kuchimbia na kwa ubaya wa njia. Wakubwa wa hifadhi waliwaonya watu wa pwani wasile nyama ya porini, na wachemshe maji kabla ya kuyanywa.