Hatua Mbili Ndani ya Kizingiti

Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, mlango haukupewa ruhusa ya kusema yote mara moja. Mtu atokaye njiani hufika kwanza dakani, penye viti vya mawe kuumeni na kushotoni, na hapo aghalabu shughuli yake humalizika bila ya kuingia ndani. Aliyekaribishwa huvuka kizingiti akaingia tekani, ukumbi mdogo unaopinda. Na kwa sababu ya kupinda huko, jicho la mpitaji haliwezi kufika kiwandani hata mlango uwapo wazi. Waashi wale walijenga kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na urefu wa boriti uliwalazimisha kufanya vyumba vyembamba. Lakini wembamba huo haukuwafanya wainyime staha nafasi yake. Hata nyumba za vyumba sita za miji ya pwani, zilizo za udongo, zina baraza mbele na ukumbi katikati.

Ghorofa niliyopanga Mombasa haina hayo. Mlango wake wafunguka moja kwa moja sebuleni. Abishaye hodi, awe mchukuzi wa maji au jirani aombaye chumvi, huona kwa mtupo mmoja wa jicho makochi, meza, sahani ambazo hazijaondolewa, na aliyejinyosha. Kwangu mimi huu ulikuwa usumbufu mdogo. Haukuwa mdogo kwa mama yangu, aliyekuja kutoka Lamu kukaa nami baada ya eda yake kwisha. Kutwa alikaa chumbani, mlango ameurudisha. Akitaka maji, alingoja mpaka hodi zinyamaze. "Mwanangu," aliniambia, "hapa mimi ni mgeni wa kila apitaye." Mtu aliyekuwa na nyumba nzima alikuwa amebakiwa na kitanda.

Mwenye nyumba amekataza kutoboa kuta. Nalilivuta kabati la vitabu, nikalisimamisha hatua mbili ndani ya kizingiti, ubavu mmoja ukigusa ukuta na mgongo ukielekea mlango. Mgongo wa kabati haupendezi. Nikaufunika kwa mkeka wa ukindu wenye miraba myekundu na myeusi, na chini yake nikaweka kibao kirefu cha kukalia avuaye viatu. Hilo ndilo daka letu. Pengo lililobaki kati ya kabati na ukuta wa pili lilitaka pazia. Muuzaji alinisifia kitambaa kizito; nilikikataa, kwa maana wakati wa kaskazi nyumba isiyopitisha upepo ni tanuri. Nikatundika leso, ikaishia shubiri moja juu ya sakafu. Kioo nacho hushauriwa kiwekwe mkabala wa mlango ili chumba kionekane kipana. Jaribu, msomaji, uone jinsi kitakavyomrudishia mgeni kila kitu ambacho pazia limekisitiri! Changu nalikiweka ubavuni, ajitazame anayetoka.

Rafiki yangu mmoja, msomi, alinilaumu. Alidai kuwa mtu mwema hana la kuficha. Naona alichanganya mambo mawili: siri ni jambo ambalo mwenyewe huogopa lijulikane, sitara ni haki ya mtu kuchagua saa ya kuonekana. Naye mwenyewe haitiki hodi kabla ya kukaza kikoi chake.

Mama alikagua kazi yangu kwa kimya, kisha akauliza jina la leso lasomeka upande gani. Nikamjibu kuwa lamwelekea mgeni. Akaigeuza. Alisema mgeni ni wa dakika mbili, yeye ndiye atakayeisoma kutwa. Alasiri ile alikaa sebuleni akichambua mchele, mlango wazi, upepo ukipita chini ya leso. Na mchukuzi wa maji alipobisha hodi, alimwitikia karibu kutoka pale pale alipoketi.