Kidonda chini ya kitambaa

Kwa miaka kumi na mbili mama huyu ameuza sambaza katika soko la Kadutu, mjini Bukavu. Hukaa mahali palepale, beseni mbele yake, jua likimpiga upande wa kushoto. Yeye ni albino. Kidonda kilianza juu ya sikio la kushoto.

Mwanzoni ilikuwa ngozi kavu tu, yenye magamba, isiyowasha. Jirani alisema ni upele, mwingine akamletea majani ya kusaga. Katika chumba cha maombi aliambiwa ni mkono wa mtu. Miezi minane ikapita. Kidonda kilitoa damu kila alipolalia upande huo, naye akakifunika kwa kitambaa ili wateja wasikimbie samaki wake. Hilo la wateja lilimuuma kuliko sikio lenyewe.

Watu wengi wa Bukavu husema jua la hapa si kali, eti kuna baridi. Lakini mji uko karibu mita 1500 juu ya bahari, na huko juu miale inayounguza ngozi inazidi nguvu, hata mawingu yakiwepo. Ngozi nyeusi ina kinga yake ndani. Albino hana. Kwa hiyo saratani humshika zaidi kichwani na shingoni: masikio, pua, mdomo wa chini, kisogo. Ile inayoitwa melanoma, ambayo kwa kawaida huonekana kama doa jeusi, kwa albino ni adimu, ila ikija inaweza kuwa na wekundu hafifu tu, na mtu akadhani ni chunusi.

Kitambaa kilipofunguliwa hospitalini, munganga hakuanza na sikio. Alipapasa shingo, chini ya taya, akitafuta tezi zilizovimba. Saratani ikishafika huko, mara nyingi kisu peke yake hakitoshi, mgonjwa anahitaji mionzi, na kwa mtu wa Bukavu hiyo inaweza kuwa safari ya kuvuka mpaka hadi Kigali. Nani angelipa? Hakukuta tezi. Alikata sehemu ya juu ya sikio, kipande kikapelekwa kupimwa.

Sasa amerudi sokoni na parasoli. Wenzake walinuna kwamba inaziba njia, wakapatana aisogeze nyuma kidogo. Krimu ya jua inauzwa katika famasi moja katikati ya mji, na chupa ndogo inakula faida ya siku nne. Basi anampaka binti yake tu, mwenye miaka saba, albino kama yeye.

Shuleni mtoto alikatazwa kofia saa ya michezo, saa tano, jua likiwa juu, kwa sababu kofia si sehemu ya yunifomu. Mama alikwenda kwa direkta. Hakusema mengi. Alivua kitambaa, akageuza kichwa.

Jumatatu iliyofuata mtoto aliingia uwanjani na kofia ya bluu ya mjomba wake, kubwa mno, inayomfunika hadi shingoni.