Betri, Spana na Haki ya Jirani



Huenda ukastaajabu kufungua kurasa hizi, ulizozoea kusoma ndani yake habari za swala, malezi na haki za wazazi, ukakutana na makala ya betri ya gari. Usistaajabu. Dini yetu haikuiacha kazi ya mkono nje ya mlango wa msikiti. Katika Suratu Saba twasoma kwamba Mwenyezi Mungu alimlainishia Nabii Daudi chuma, kisha akamwamrisha atengeneze mavazi ya vita yaliyo kamili na apime sawasawa pete zake. Tazama basi: Nabii, tena mfalme, anaamrishwa juu ya kipimo cha pete za chuma! Na katika Hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, Mtume (S.A.W.) alimsifu Daudi huyu huyu kwamba alikuwa akila chumo la mikono yake. Naye Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake, na kufanya kazi kama afanyavyo mtu ye yote nyumbani kwake.

Nayasema haya kwa kuwa iko tabia iliyoingia miongoni mwetu, hasa sisi tuliosoma kidogo, ya kudhani kuwa mtu wa kanzu na kofia hafai kuonekana ameinamia boneti. Jirani yangu mmoja, mtu mwema, alinipita siku ninayotaka kukuelezea, akaniona mikono imekuwa myeusi hadi viwikoni, akaniambia, "Maalim, kazi hii ina watu wake." Nikamjibu, "Na mimi si mtu?" Akacheka, akenda zake.

Gari letu si la fahari. Ni gari dogo la Kijapani, umri wake limeshafikia kuoa, lakini ndilo linalompeleka mama yangu hospitali kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Likikataa kuwaka alfajiri ya siku hiyo, jambo halingoji. Na lilikataa. Betri niliyouziwa kuwa ni mpya ilikufa baada ya miezi minne tu. Nilipoitazama vizuri nikaona kifuniko chake kimegandishwa upya kwa gundi, na nambari za tarehe zimekwanguliwa kisha zikapakwa rangi nyeusi. Ilikuwa betri kuukuu iliyovishwa kanzu mpya ya Idi.

Wewe unaijua Hadithi ya lundo la nafaka aliyoipokea Imamu Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akatia mkono wake ndani ya lundo, na vidole vyake vikakuta majimaji. Mwenye mali akatoa udhuru wa mvua. Akaulizwa ni kwa nini basi asiuweke juu ule uliorowa, watu wakauona; kisha ikatoka ile hukumu mashuhuri juu ya mwenye kughushi. Mawaidha mengi husimama hapo, kwenye dhambi ya muuzaji. Mimi hupenda kuutazama ule mkono. Haukutosheka na uso wa lundo, uliingia ndani. Mnunuzi naye ana wajibu wa kutia mkono, na kwa bidhaa kama betri mkono huo ni elimu.

Elimu yenyewe si kubwa. Betri ya namna hii ni uvumbuzi wa Mfaransa, Gaston Planté, wa mwaka 1859, na asili yake haijabadilika hata leo: mabamba ya risasi yaliyozama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Ndani ya kasha mna vyumba 6, kila kimoja hutoa volti 2 na ziada kidogo, ndipo tukapata hizi tuziitazo volti 12. Betri iliyoshiba, ikiwa imepumzika, huonesha katika mita volti 12.6 hivi. Ikionesha 12.0 ina njaa. Ukiwasha injini mita ipande ifike kama 14, kwa kuwa sasa alteneta inailisha. Isipopanda, mgonjwa ni alteneta, si betri. Wangapi wamenunua betri mpya wakamwacha mgonjwa ndani! Mita yenyewe ni rahisi kuliko kilo chache za nyama.

Kisha soma maandishi ya betri za Kijapani, usiyaone kama hirizi. Ikiandikwa 46B24L, 46 ni daraja ya nguvu zake, B ni kundi la upana na kimo chake, 24 ni urefu wake kwa sentimita, na L au R hueleza upande ilipo nguzo ya kujumlisha. Ikiwa na S mwishoni, nguzo zake ni nene. Ukinunua R mahali pa L, nyaya hazitafika, na mtu mwenye haraka anaweza kuzivuta akaziunga kinyume. Hapo ataunguza vitu vyenye thamani ya betri nyingi.

Sasa kazi. Katika magari mengine betri imekaa wazi, mtoto aweza kuifungua. Wazee wanaoyakumbuka yale magari ya Volkswagen ya mgongo wa mviringo watakumbuka kwamba betri yake ilikuwa chini ya kiti cha nyuma, na abiria mnene akikaa, springi za kiti zikagusa nguzo, moshi ulianza kutoka chini yake. Hili letu wameisukuma nyuma kabisa, chini ya ukingo wa kioo cha mbele, baina ya kisanduku cha fyuzi na ukuta wa injini, na juu yake unapita mpira mnene wa hewa unaokwenda kwenye chujio. Mkono unaingia, spana inaingia, lakini vyote viwili pamoja havitaki kuingia.

Nilivua saa na pete. Hili si jambo la kupuuza: pete ya fedha ikiunganisha nguzo ya betri na bodi ya gari hupata moto mara moja, na kidole kimo ndani yake. Kanzu niliiacha ndani nikajifunga kikoi kikuukuu, kwani tindikali hula pamba. Leo huoni kitu, ukifua inatoka tundu. Sigara isikaribie, kwa sababu betri hutoa gesi ya haidrojeni, nayo hulipuka. (Hii ni faida nyingine kwa wasiovuta.) Nikachora mstari wa chaki pale mpira wa hewa unapoungana, ili nijue unavyorudi, nikautoa. Halafu nikatandaza kitambaa chini ya betri pande zote. Katika mahali pa dhiki kama hapo nati moja ikianguka, hutaiona tena mpaka gari liuzwe.

Mpini wa spana namba 10 niliuzungushia utepe wa mafundi wa umeme, mpaka ikabaki wazi ncha yake tu. Sababu yake ndiyo sababu ya utaratibu wote wa kazi hii. Bodi yote ya gari imeungwa na nguzo ya kutoa. Ukianza kufungua nguzo ya kujumlisha, na kwa ufinyu wa mahali mpini ukagusa chuma cho chote pembeni, cheche huruka na spana yaweza kuganda palepale. Basi ya kutoa hufunguliwa kwanza, ukaufunga waya wake kitambaa usijirudie wenyewe. Ukishaitoa hiyo, ukigusa bodi kwa spana unapofungua ya kujumlisha hapatokei lo lote. Wakati wa kurudisha ni kinyume: ya kujumlisha kwanza, ya kutoa mwisho. Ukiijua sababu hutasahau tena.

Kile chuma kinachoibana betri kilikuwa na nati iliyoshikwa na kutu. Kijana mwenye nguvu angeivunja. Nilitia mafuta, nikanawa, nikaenda kuswali Dhuha, na niliporudi ilizunguka kwa vidole viwili. Sisemi kwamba ilikuwa karama; mafuta yanahitaji muda wa kupenya, nami nilikuwa na pahali pazuri pa kuupitishia.

Betri hii ina uzito wa kilo 12 hivi, na kwa ajili ya ule ukingo wa kioo haitoki kwa kuinuliwa moja kwa moja. Lazima uivute mbele kwanza, uinue kidogo, uivute tena, bila ya kuilaza, maana ikilala tindikali inatafuta njia. Mgongo unalalamika. Tindikali ikikugusa ngozi, miminia maji mengi bila kungoja. Pale ilipokuwa imekaa nilikuta unga mweupe wa kijani, ule unaokula chuma; nikauosha kwa maji ya moto yaliyoyeyushwa magadi. Magadi haya haya ya jikoni! Yakikutana na tindikali hutoa povu, na povu likinyamaza ujue vita vimekwisha. Nikasuuza, nikakausha, nikaiingiza mpya kwa njia ile ile ya kubembeleza, nikakaza, nikapaka nguzo mafuta ya mgando ili kutu isirudi upesi. Saa moja na robo, kazi ambayo fundi hodari angeimaliza kwa dakika 20. Gari likawaka kwa mara moja, na Mama, aliyekuwa dirishani, akasema, "Alhamdulillahi, basi nenda kaoge."

Lakini ndugu msomaji, nilichokusudia kukuambia hasa kimo ndani ya ile betri kuukuu iliyobaki chini.

Pembeni mwa mtaa wetu yuko kijana anayenunua betri mbovu kwa kilo. Alinipa bei ya shilingi 1,400. Duka nililonunua jipya lilikuwa tayari kuipokea kwa shilingi 1,040. Nikamwuliza kijana huifanyia nini. Akanionesha bila kuficha: huipasua kichwa kwa panga, maji yake akayamwaga mtaroni, mabamba akayayeyusha katika karai juu ya makaa, akauza vinoo vya risasi. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni risasi, kwa hiyo chumo lipo. Mtoto wake wa kiume, wa miaka kama mitatu, alikuwa amekaa karibu na karai akichezea vifuniko. Chuo cha watoto kiko nyumba ya tatu kutoka hapo.

Mombasa hatuna udhuru wa kutojua. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kule Mikindani, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, na risasi ikaingia katika damu za watu, wakubwa kwa wadogo. Bibi Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi hapo na ambaye mwanawe mchanga alidhurika, alisimama na wanamtaa. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama ilitoa hukumu walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwezi wa Desemba 2024. Fedha haitoi risasi katika ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa ni salama, na mtoto mdogo huinyonya zaidi kuliko mtu mzima.

Mtume (S.A.W.) alitukataza kujisaidia penye maji, katikati ya njia na kivulini wanapopumzika watu. Uchafu ule jua huukausha na mvua huuosha. Basi itakuwaje risasi, isiyooza wala kuondoka? Nadhani mwenye kufikiri hahitaji fatwa nyingine.

Nilimwambia kijana habari hizi. Hakukasirika. Akasema, "Maalim, nayajua ya Owino Uhuru, shangazi yangu alikaa huko. Lakini wale walishitaki wakapewa hukumu. Mimi nikiacha, nani atanipa?" Nami sikuona kwamba ni jibu la kipumbavu. Ni rahisi sana kwa mtu mwenye mshahara kumhutubia asiye nao juu ya afya.

Tukakaa juu ya kibaraza tukapiga hesabu. Duka hilo huzikusanya betri zikiwa nzima na kuzipeleka kwa watu wenye tanuri na mashine za kuchuja moshi, na lipo tayari kuzipokea kutoka kwake. Yeye akizinunua na kuziuza nzima, bila panga wala karai, faida yake hupungua kwa shilingi 30 kwa kila kilo. Kwa wiki hupata kilo 90 hivi. Hiyo ni shilingi 2,700. Baada ya swala ya Isha nililieleza jambo hili kwa wenzangu wawili, mmoja wao ni yule jirani aliyenipita siku ile, na tumekubaliana kuichanga tofauti hiyo sisi watatu mpaka Ramadhani. Karai amempa mama yake, kwa sharti kwamba lisipikiwe. Limepandwa mchicha wa mapambo ukutani. Ramadhani ikifika tutakaa naye tena tutazame hesabu imesimama wapi.