Naivasha Ngoja, Twende Simbi

Kila Desemba wasee wa Rongo huanza hadithi ileile. Mtu anatuma picha ya hoteli ya Naivasha kwa grupu, watu kumi wanajibu "niko ndani", halafu siku ya kutuma pesa grupu inanyamaza kama matanga. Mimi nimechoka na Naivasha ya kwa simu.

Na ziwa tunalo hapa. Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, shimo la volkeno lililojaa maji ya magadi, ya kijani, na upande wa magharibi Mlima Homa umesimama. Flamingo huja na kuondoka wanavyotaka, kwa hivyo usimwahidi mtu picha ya flamingo. Hadithi yake dani alishatuambia: bibi kizee alinyimwa pa kulala watu wakiwa kwa sherehe, usiku huo kijiji kizima kikazama. Simbi iliyozama. Tunaijua hadithi, lakini nauliza, ni wangapi kati yetu wameliona hilo ziwa?

Mwaka huu tulikaa saba kupanga. Bajeti ya kwanza ilikuja 3,500 kila mtu: gari ya kukodi, usiku mmoja hotelini, na sijui nyama ya nini. Ilipendekezwa na wale wawili wenye kazi, bila ubaya wowote. Mara rafiki yetu mmoja akaandika, "Mimi niko bize siku hiyo."

Siku gani? Hatukuwa tumechagua siku!

Huyo ndiye anaenda Doha Januari, mkataba wa miaka miwili. Pesa zote za kwao zimeingia kwa pasipoti na medikali. Angepotea hivyo tu, na sisi tungesema amejitenga, ameanza kujiona Mwarabu.

Basi tukabadilisha. Kila mtu alimwandikia mweka hazina pembeni kiasi anachoweza kutoa bila kukopa, na hakuna kuulizana. Ndogo kabisa ilikuwa 900. Tukapanga na 900. Wawili walitoka, mmoja akilalamika eti safari bila kulala si safari. Sawa, kila la heri. Kwangu mimi, bajeti ya marafiki ikipita mfuko wa mwenye kidogo, hiyo ni kumfukuza kwa adabu.

Na 900 inafanya kazi, mkiwa wakali. Matatu hadi Homa Bay kupitia Rodi Kopany, halafu nyingine ya kuelekea Kendu Bay. Boda patana bei kabla hujapanda, si baada. Epuka wiki ya Krismasi, nauli hupanda bila aibu. Maji na chapati beba kutoka nyumbani, ile pesa iende kwa samaki: ngege mmoja mkubwa, watu wawili, na kuon ya kutosha. Mkirudi mapema, pandeni Got Asego pale Homa Bay muone ziwa kubwa lote chini yenu. Gharama yake ni pumzi.

Tunatoka Jumatano, gari ya kwanza, watu watano. Yule wa Doha ndiye anashika pesa ya chakula, na tayari ameshasema soda ni juu yako mwenyewe.